Kiti cha Pili cha Fundi Zedekiah

Kofi kali kuliko yote niliyowahi kupigwa maishani nilipigwa na mathe wangu, River Road, saa tano mchana, watu karibu mia mbili wakinitafuta wanichome.

Na ni hilo kofi lilifanya niwe hai leo nikiwapigia hii stori.

Tulieni niwaeleze.

Ilikuwa 2006. Mimi naitwa Nzula. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, naishi na mathe Kabiria, kwa ploti moja ya mabati yenye gate ya bluu. Baba alishatuacha, Mungu amrehemu. Mathe alinilea na cherehani moja ya kukanyaga na miguu. Alishona uniform, mapazia, na vile vitambaa vyeupe kina mama wa kanisa letu hufunga kichwani.

Mathe alitaka kitu kimoja tu kwangu. Nishone.

Mimi nilitaka kitu kimoja tu. Niwe kwa filamu.

Sasa, siku hizo ukipanda ngazi za jengo lolote pale River Road, ghorofa ya tatu hukosi kupata mse na kamera. Na filamu zilizokuwa zimeshika ni za wasichana wagumu. Wasichana wamefukuzwa na landlord, hawana kazi, hawana mtu, mji unataka kuwameza, na wao wanakataa kumezwa. Wanapora waporaji. Nilikuwa nazitazama kwa video show ya Kabiria mpaka nasahau nimetumwa mafuta ya taa.

Ndio nikajuana na Mwaura. Mwaura alikuwa wa Riruta, mwembamba, mdomo mingi, na alikuwa director. Alinitazama mara moja akasema, "Wewe uso yako iko na shida zake. Nakupatia Rada."

Rada alikuwa kiongozi wa genge la wasichana wanne. Maze, sikulala siku mbili.

Lakini kwetu kulikuwa na sheria. Mathe alikuwa ameshanipata mara moja nikifanya mazoezi na hao watu, na maneno yake nayakumbuka mpaka leo. "Nzula, nikisikia tena uko na watu wa kamera, siku hiyo hiyo unapanda gari unaenda Nunguni kwa shangazi yako. Utaigizia mbuzi."

Na mathe hakuwa wa kutisha bure.

Shida yake haikuwa hata mimi. Shida ilikuwa Mama Wanjira.

Mama Wanjira alikuwa mwenyekiti wa kina mama kanisani. Mama mkubwa, sauti kubwa, na akikutazama unakumbuka dhambi za darasa la pili. Jumapili moja alisimama mbele akasema msichana akizoea kushika bunduki kwa filamu, kesho ataishika barabarani. Kanisa yote ikasema amina. Mathe alisema amina ya nguvu kuliko wote, halafu akanigeukia.

Kwa hivyo nilikuwa naficha kila kitu chini ya godoro. Jaketi nyeusi ya ngozi kutoka Gikomba. Bastola ya plastiki ambayo Mwaura alikuwa ameipaka rangi ya viatu ikakaa bastola kweli, nimeifunga kwa leso. Na karatasi yenye sehemu yangu.

Hiyo karatasi ndiyo ilileta mambo. Mimi nikitaka kitu ishike kwa kichwa, naandika na mkono wangu, na nasema "mimi". Kwa hivyo ilisomeka hivi:

"Alhamisi, saa tano, River Road. Mimi napora mkoba. Mtu akinifuata natoa bastola. Naingia mlango wa kijani, Mutie ananingojea ndani. Tunagawana jioni."

Hakuna mahali imeandikwa filamu. Hakuna.

Hebu jiwekeni kwa viatu vya mzazi.

Alhamisi ikafika. Nikamwambia mathe naenda Dagoretti Corner kununua zipu. Alikuwa ameketi kwa cherehani, lakini hakuwa anashona. Alikuwa amefunga kile kitambaa cheupe cha kanisa na si Jumapili.

"Zipu," akasema.

"Eeh, zipu."

"Haya. Enda na Mungu."

Nikafika mlangoni. Akasema tena, "Nzula. Enda na Mungu."

Nikajiambia leo mathe ameamka na upole, shukuru tu. Nikatoka mbio na bag yangu.

Nilipofika juu kwa ghorofa, Nyawira alikuwa ameshavaa. Huyo Nyawira ndiye ningempora mkoba. Alikuwa amejipaka makeup kama wa ofisi ya benki. Kuria wa kamera alikuwa ameshaifunga kamera dirishani nyuma ya pazia, inaangalia barabara.

Hiyo ilikuwa akili ya Mwaura. Filamu haikuwa na pesa ya kulipa watu wajaze barabara, na River Road imejaa watu wa bure. Sasa kamera inafichwa juu, sisi tunafanya kazi chini, na watu wanaonekana natural. Mimi napora, nakimbia hatua thelathini, naingia mlango wa kijani, Mutie, kijana wa kumsaidia Mwaura, anafunga, kwisha. Kabla mtu ajue ni nini, tuko juu tunakunywa chai.

"Nyawira," Mwaura akasema, "unapiga kelele 'simama!' Umesikia? 'Simama!' Hiyo neno ingine hutasema. Hiyo neno ingine nisiisikie."

Nyawira akasema sawa. Mtu yeyote wa Nairobi anajua hiyo neno ingine haichezewi mjini.

"Rada, bastola."

Nikatoa leso yangu kwa bag. Nikaifungua.

Ndani kulikuwa na kitabu cha nyimbo za kanisa.

Nikakigeuza. Kilikuwa cha mathe, na jina lake kwa ukurasa wa kwanza, Syokimau, kwa ile mwandiko yake ya kuinama.

Mwaura akakitazama, akanitazama. "Sasa hii utawatisha nayo? Utawaimbia?"

Haki hapo ndipo ningeshtuka. Lakini wacha niwaambie ukweli wa mtu anayetaka kitu sana: hashtuki. Nilijiambia nimechukua leso mbaya. Nikamwambia Mwaura nitakimbia bila bastola, uso yangu inatosha. Akalalamika kidogo, akakubali.

Nikavaa jaketi, tukashuka.

Kwa hatua kumi za kwanza, nilikuwa muigizaji bora Kenya nzima. Nyawira anakuja, mkoba begani. Mimi natokea kwa nguzo. Navuta mkoba. Navuta tena, kwa sababu Nyawira ameushikilia vizuri kuliko vile tulifanya mazoezi. Unatoka. Natoka mbio.

Na nyuma yangu nasikia sauti ya Nyawira, imeingia kwa filamu mpaka ndani, imesahau Mwaura, imesahau kila kitu.

"MWIZIII!"

Wueh.

Barabara ilinyamaza, nahesabu, sekunde moja. Halafu ikaitikia.

"Mwizi! Huyo! Shika! Msichana wa jaketi!"

Mtu wa miwa akaacha miwa. Watu wa kinyozi wakatoka na shuka shingoni. Nikasikia viatu, vingi, halafu jiwe likapita hapa karibu na sikio. Mtu akasema leteni tairi. Hiyo haikuwa imeandikwa na Mwaura.

Nikafika mlango wa kijani. Mbele yake kulikuwa na mkokoteni umejaa vitunguu mpaka juu, mwenyewe ameenda kunywa chai. Nilimsikia Mutie ndani akisukuma mlango, "Nzula! Haifunguki!"

Nikaendelea kukimbia. Machozi yalianza kutoka yenyewe. Nilipiga kona ya kwanza, na hapo kwenye kona mkono ukatoka pembeni ukanishika kwa shingo ya jaketi.

Nikajua nimekufa.

"Vua hiyo takataka," mkono ukasema.

Ilikuwa mathe.

Sikuuliza. Jaketi ilitoka, sijui niliivua ama aliivua. Kitambaa chake cheupe kikaruka kutoka kichwa chake kikafungwa kwangu. Pale barazani mafundi wanashona nje, wamepanga cherehani kwa mstari. Wa kwanza alikuwa mzee mmoja wa miwani. Kando ya mzee kulikuwa na cherehani ya pili haina mtu, na kiti kidogo cha miguu mitatu, kimepakwa rangi ya bluu, imetoka toka.

Mathe alinisukuma kwa hicho kiti. Mkoba ukaenda chini, jaketi juu yake, na mzee wa miwani, bila kuuliza hata habari, akamwaga gunia la vipande vya nguo juu ya kila kitu.

"Kanyaga," mathe akasema.

Nikakanyaga. Sindano ikaanza kupanda na kushuka.

Umati ukapiga kona.

Mbele alikuwa jamaa mmoja wa vesti, ameshika rungu. "Mama, umeona msichana wa jaketi nyeusi?"

"Amepita hapa mbio kama shetani," mathe akasema. "Ameingia ile gate kubwa ya huko mbele. Kimbieni mtampata."

Wengi wakaenda. Vesti hakuenda. Alinitazama mimi.

"Na huyu? Mbona ako na jasho hivi? Mbona anahema?"

Mguu wangu ukasimama. Sindano ikasimama. 

Ndipo mathe akanigeukia na kunizaba kofi.

PAA! Masikio yote yaliimba.

"Anahema kwa sababu ni mvivu!" mathe akapiga kelele. "Tangu asubuhi nimemweka hapa ashone mshono mmoja! Mmoja! Na tazama! Tazama mwenyewe, hii ni mshono ama ni barabara ya Kabiria? Nguo ya mteja! Unalia nini? Lia ukishona!"

Nikalia nikishona. Haki ya Mungu, nililia kweli na nikashona kweli. Na kwa sababu mathe alikuwa amenikalisha kwa cherehani kila jioni tangu darasa la sita, mikono ilijua kazi hata mimi nikiwa sijui niko wapi. Mshono ukatoka mstari. Vesti aliinama, akautazama, akasonya.

"Msichana wa siku hizi," akamwambia mathe kwa huruma. "Pole mama." Akaenda kunitafuta kwingine.

Mathe alisimama wima mpaka akapotea. Halafu akakaa chini kwa sakafu ya baraza na nguo yake safi.

Mzee wa miwani akatuvuta ndani ya duka na kufunga pazia.

Nikadhani sasa atanikumbatia. Mathe alinishika mabega. Macho yake yalikuwa mekundu. "Mwanangu, niambie ukweli mbele ya Mungu. Mmeua watu wangapi?"

"Mathe?"

"Nimeona bunduki! Nimeona karatasi! Niliitoa hiyo bunduki na koleo ya jiko nikaitupa kwa choo cha ploti, nikakuwekea nyimbo, nikasema labda ukiona nyimbo utarudi nyumbani. Hukurudi! Nimekufuata kutoka Kabiria nikikuombea. Huyo Mutie ni nani? Ni yeye alikuingiza kwa genge?"

"Mathe, ni filamu."

"Nini?"

"Ni kuigiza. Bastola ni ya plastiki. Mkoba ni wa Nyawira, ni rafiki yangu. Ndani kuna magazeti tu."

 Nilimwona uso ukifunguka, furaha yote ikaja, akasema "Asante Yesu" mara tatu. Halafu nikaona uso ukianza kufungika tena, polepole.

"Plastiki," akasema. "Nimefunga siku mbili bila chakula, kwa sababu ya plastiki? Nzula. Leo leo. Nunguni."

"Mathe tafadhali!"

"Mbuzi wanakungoja."

Hapo mzee wa miwani akaanza kucheka. Alikuwa anacheka amejishikilia meza.

"Stima," akasema, "na wewe mbona unamsumbua mtoto? Amekimbia vizuri. Mbio amezitoa kwako."

Nikamtazama mzee. Nikamtazama mathe. Mathe alikuwa anamwonyesha na macho anyamaze.

"Stima ni nani?" nikauliza.

"Hujui?" mzee akashangaa. "Mimi naitwa Zedekiah, na nimekaa kwa hii baraza miaka thelathini. Mama yako alikuwa anauza vitambaa vya mkono hapo kona kabla hujazaliwa. Kanjo wakitokea kukamata wachuuzi, wengine wanashikwa, yeye hashikwi. Alikuwa na mbio kama umeme! Ndio tulimwita Stima. Na siku mbio zimekataa, anarusha vitambaa chini ya hiyo cherehani, anakaa kwa kiti, anakanyaga. Askari atashika fundi aje? Yeye ndiye alinifundisha niweke kiti cha pili. Wasichana wengi wa huu mtaa wamepona hapo. Mpaka leo sikitoi."

Nikamgeukia mathe.

Mathe wangu. Wa amina ya nguvu.

"Mathe, wewe ulikuwa unakimbizana na kanjo?"

"Nilikuwa natafuta unga," akasema kwa sauti ndogo, akitazama sakafu. "Sikuwa na mtu hapa mjini. Na hiyo stori isifike kanisani, Nzula. Mama Wanjira akijua mimi nilikuwa msichana wa barabara, kitambaa wataninyang'anya."

Nikamshika mkono.  Nikamwambia, "Mathe, hiyo filamu yote ni stori yako, na hakuna mtu alikuuliza."

Akakivua kitambaa chake kichwani mwangu, akakikunja. Neno Nunguni halikutajwa tena.

Pazia likafunguka. Nyawira akaingia akilia, "Nisamehe, Nzula, ilitoka yenyewe!" Nyuma yake Mwaura, jasho mpaka kwa viatu, na Kuria amekumbatia kamera.

Mwaura hakunisalimia hata. Alimwendea mathe moja kwa moja. "Mama. Shikamoo. Kuria hakuzima kamera, alikimbia nayo mpaka dirisha la kona. Kutoka juu hiyo baraza inaonekana yote. Kitambaa, kiti, huyo jamaa wa vesti, kila kitu. Mama, nimetengeneza filamu nne na sijawahi kupata kitu kama hiyo. Tafadhali, tuiweke."

Tukangoja. Mathe alijifunga kitambaa chake upya, akakinyoosha kwa paji la uso.

"Hiyo kofi," akauliza, "imeonekana vizuri?"

Hivyo ndivyo mathe wangu aliingia kwa filamu.

Masharti yake yalikuwa mawili. Jina lake lisiandikwe. Na isionyeshwe Kabiria.

Mwaura alikubali yote. Na ndani ya miezi miwili, bango la filamu likabandikwa wapi? Kabiria, kwa mlango wa video show, mita hamsini kutoka kanisani. Mwenye video show alikuwa amejinunulia kopi yake River Road, na nani atamkataza?

Mathe alisema hatutaenda. Halafu Jumamosi saa nane, jirani akaja mbio: "Mama Nzula! Mama Wanjira ameenda video show na kina mama wote wa kanisa! Anasema anataka kuona kwa macho yake hiyo uchafu, ndio ajue vile ataikemea!"

Tulifika wakiwa wameshaketi. Safu mbili za vitambaa vyeupe, mbele kabisa, wamekunja mikono. Mathe alisimama nyuma kando ya mlango na kunishika kiwiko mpaka kikauma. Nilimsikia akiomba.

Ikafika River Road. Nikajiona nikikimbia. Video show ikaanza kupiga kelele. Nikaona baraza, kitambaa kikiruka, mimi nikisukumwa kwa kiti.

PAA!

Watu wakaruka. Vijana wakapiga mbinja. Lakini safu mbili za mbele zikanyamaza kimya, kwa sababu kila mama pale alijua nani hushona hivyo vitambaa.

Mama Wanjira akasimama.

"Simamisha," akasema. Picha ikasimama. "Rudisha nyuma kidogo."

Ikarudi. Yeye hakuwa anaangalia mimi, wala mathe. Alisogea mpaka karibu na televisheni, akaweka kidole kwa kioo, kwa kile kitu cha bluu cha miguu mitatu.

"Hicho kiti," akasema, na ile sauti yake kubwa ikawa imepotea mahali. "Zedekiah bado ako na hicho kiti?"

 Mathe aliachilia kiwiko changu.

"Mimi nilikuwa nauza mayai," Mama Wanjira akasema, bado anatazama kioo. "Sabini na tisa. Siku moja askari wamenifikia kabisa, na msichana mmoja sijui hata jina akanisukuma hapo, akaniambia kanyaga. Nilikanyaga nikilia. Mayai yote yalivunjika lakini sikulala ndani ya seli. Nimemtafuta huyo msichana miaka mingi nimwambie asante. Walikuwa wanamwita Stima."

Nilimtazama mathe. Machozi yalikuwa yanashuka na hakuwa anayafuta.

"Na huyo msichana wa mayai," mathe akasema kutoka nyuma, "alinikanyaga kidole mpaka kucha ikatoka. Mpaka leo haijamea sawa."

Mama Wanjira akageuka.

Siwezi kuwaelezea hiyo kelele. Nawaambia tu viti vilianguka, na vijana wa video show walidai warudishiwe filamu yao na hakuna mtu aliwasikia.

Jumapili iliyofuata hakuna mtu alikemea filamu. Mwenyekiti alitangaza tu kwamba kina mama watatembelea fundi mmoja mzee mjini, wampelekee rangi ya bluu.

Somo langu ni dogo, chukueni ama mwache. Kabla hujamficha mamako kitu chini ya godoro, muulize kwanza yeye alificha nini kabla hujazaliwa. Na ukienda mjini kupiga picha na Nyawira, mfunge mdomo na selotepu.